Kipimo cha Nguzo Mama

Kisarawe ya miaka hiyo haikuwa na nyumba za kujengwa. Nyumba zilioteshwa. Mvule wa maabara ulipandwa, ukaelekezwa kwa kamba na taa, na baada ya miaka michache watu walihamia ndani ya vyumba vyenye kuta hai, paa la majani mabichi, na maji yanayopanda yenyewe kutoka mizizini hadi kwenye bomba la jikoni. Raha tupu. Kasoro yake ilikuwa moja: nyumba hai huugua, na huugua kama mtoto, siku ile ile ambayo wenyewe mna shughuli.

Nyumba ya akina Pazi ilichagua wiki ya harusi.

Nyamizi Kapela alifika asubuhi, amebeba begani sanduku la chuma ambalo uzito wake ulikuwa umemshusha bega la kulia miaka yote, hata mafundi cherehani wa mji mzima walijua kumkatia gauni la kupinda. Uani alikuta masufuria, vifuu vya nazi, wanawake wamekaa mkekani wanachambua mchele, na katikati yao watu wanane waliovaa kofia ngumu, wamekaa juu ya misumeno yao kwa adabu, wanakunywa chai waliyopewa. Hao walikuwa wakataji. Mkuu wao, Bosco Mapunda, Mngoni mwenye sauti ya chini, alikuwa mtu wa kupiga hodi hata kwenye nyumba anayokwenda kuiangusha.

Juu ya mlango, Kauli ilikuwa inawaka nyekundu.

Kila nyumba ilikuwa na Kauli yake, kifaa kidogo kama ganda la kobe kilichofungwa juu ya mlango. Nyaya zake zilishuka mpaka kwenye vibati vilivyobanwa juu ya gome la nguzo mama, ule mhimili wa mti ambao vyumba vyote vilining'inia kwake. Kila asubuhi Kauli ilipitisha umeme kidogo kwenye nguzo, ikasikiliza mti unaupokeaje. Mti wenye maji ndani yake huupitisha. Mti uliokufa huukatalia. Kijani, nyumba ipo. Nyekundu, watu watoke, mizizi ifungiwe maji, na ikifika adhuhuri misumeno iingie, maana mvule uliooteshwa haraka hukauka haraka, na nguzo ikikauka haiwaulizi waliolala kama wamekwisha kuamka.

Kati ya Kauli na misumeno sheria ilimweka mtu mmoja tu, mpimaji. Akiweka kidole gumba kwenye kifaa na kusema kata, inakatwa. Akiweka na kusema acha, inaachwa, na lolote litakalotokea ni juu yake. Kidole cha Kisarawe kilikuwa cha Nyamizi.

"Mnyamwezi kaja na jeneza," alisema Bi Mwanamvua Pazi, bibi yake mwali, akilitazama lile sanduku. "Basi tumekwisha."

"Ni lako hili. Ila naona miguu itabaki nje."

Wanawake wakacheka. Watani hao wawili walikuwa wanazikana hivyo kila wanapokutana, kama babu zao wa Kizaramo na wa Kinyamwezi walivyofanya tangu enzi za wapagazi, na hakuna aliyewahi kununa. Lakini leo Nyamizi aliona kwamba Bi Mwanamvua alipocheka, mkono wake ulibaki umeshika ukuta, kama mtu aliyemshika mgonjwa wake foleni hospitalini.

Akaingia ndani. Nguzo mama ilisimama katikati ya ukumbi, nene kuliko watu watatu kushikana mikono, gome lake linang'aa kama gome la mivule yote ya aina hiyo. Chini yake, kwenye mizizi, kulikuwa na vifusi vidogo vidogo vya udongo: vitovu vya watoto wote wa nyumba hiyo vilizikwa pale. Kuikata nguzo hii hakukuwa sawa na kuhamisha watu kutoka hema moja kwenda jingine. Nyamizi alilijua hilo, akaliweka kando kwanza, maana lingemtetemesha vidole.

Alifungua sanduku. Ndani yake mlikuwa na Daraja.

Hakuna mpimaji mwingine aliyekuwa na kitu kama kile. Babu yake, fundi redio wa Tabora, alikirithi kwa fundi mwenzake, naye alikirithi kwa mtu ambaye jina lake lilikwisha kusahaulika. Kilitengenezwa zamani za redio za mbao, na kazi yake ilikuwa kupima ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyoukatalia umeme unaokwenda na kurudi. Hakikuwa na kioo, hakikuwa na sauti ya kumwambia mtu lolote. Kilikuwa na vifundo vyeusi vyenye namba zilizofifia, na kidude cha kuweka sikioni. Ofisini walikitania sana. Nyamizi aliwaacha wakitanie, kwa sharti kwamba wasikiguse.

Alifunga vibati viwili vya shaba kwenye nguzo kwa mkanda, kila kimoja juu ya kitambaa chenye maji, kwa kuwa kuitoboa nyumba hai hata kwa sindano kulikatazwa. Akaweka kidude sikioni, mkono wa kushoto akautia mfukoni. Babu yake alimfundisha hivyo: umeme ukikushika mkono mmoja umekutania tu, ukikushika miwili umepita moyoni. Volti za Daraja zisingeweza kumbabua hata mbu, lakini mkono ulikwisha kuzoea mfuko wake.

Mlio mnene ukaanza sikioni. Daraja liliupeleka mlio huo kwa njia mbili, moja kupitia kwenye nguzo, nyingine kupitia kwenye vifundo vyake lenyewe. Kazi ya mpimaji ilikuwa kuvizungusha vifundo mpaka njia zote mbili ziwe sawa. Zikiwa sawa, sikioni hakusikiki kitu. Kimya ndicho jibu. Namba husomwa baadaye.

Alizungusha. Mlio haukupungua. Akazungusha zaidi, akapita namba za mti mchanga, akapita za mti mzee, akapita za mti mgonjwa. Kimya kilipoanza kunyemelea, kifundo kilikuwa kimefika mahali ambapo Nyamizi hukifikisha anapopima mbao za dukani.

Daraja lilikuwa linakubaliana na Kauli.

Hakuhitaji kusema. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama usoni, na uso wake haukuwa na kifuniko. Mapunda alivua kofia yake akaishika kifuani. Mtu mmoja jikoni alizima jiko.

Bi Mwanamvua alimshika mkono, akampeleka pembeni kwenye kona ya mitungi, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alimsemesha bila kumchokoza.

"Mtani, sasa sitanii. Siku mbili tu. Mwali atoke ndani ya nyumba alimozaliwa, kisha mkate, na mimi nitawashikia kamba. Kidole chako ni kidogo, hakuna atakayekiona."

"Na ikianguka watu wakiwa wanacheza?"

"Tutacheza taratibu."

Nyamizi nusura acheke, na hapo ndipo ilipokuwa hatari, kwa sababu kucheka kungekuwa ndiyo nusu ya kukubali. Akamkumbuka Mahimbo. Mahimbo alikuwa mpimaji wa Mzenga, mtu mwema kupita kiasi, na mwaka uliopita aliionea huruma nyumba iliyokuwa na mzazi mchanga, akaweka kidole akasema acha. Nguzo ilikuwa na uwazi katikati, nje nzima, ndani pango. Ilishuka na watu wake. Mahimbo hakufungwa, wala hakulaumiwa na mtu mbele yake. Siku hizi aliuza maandazi barabarani, na mvua ikinyesha watu wote walikimbilia barazani isipokuwa yeye.

"Bi Mwanamvua," alisema, "nikiweka kidole kwa sababu nakupenda, nitakuwa nimekuua kwa mapenzi. Siwezi."

Yule mama aliuachia mkono wa Nyamizi polepole, akarudi mkekani kuendelea kuchambua mchele wa harusi ambayo haikuwa na nyumba.

Kazi ya kipimo, hata hivyo, ilikuwa haijakwisha. Babu yake asingemruhusu kufunga sanduku kwa namba moja. Daraja lilikuwa na vifundo viwili vikubwa, kwa sababu umeme unaweza kucheleweshwa kwa namna mbili. Unaweza kuzuiwa, kama mtu anayepita kwenye umati. Na unaweza kuwekwa, kama mgeni anayekalishwa sebuleni kabla ya kuruhusiwa kuingia. Kauli ilijumlisha yote mawili ikatoa neno moja. Daraja lilitaka kila moja lijibiwe peke yake, tena kwa mlio mnene na kwa mlio mwembamba.

Akaupandisha mlio. Akashika kifundo cha pili ambacho mwanzo, kwa hofu, alikuwa amekigusa juu juu tu.

Kimya kikaja mahali pengine kabisa.

Akarudia. Akaupandisha tena mlio, akarudia tena. Kila alipoupandisha, ukinzani ulishuka, na kifundo cha kuzuia kikarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kikatua kwenye namba za mti wenye maji tele. Ugumu wote ulikuwa kwenye kuwekwa. Kulikuwa na kitu kilichoukalisha umeme sebuleni.

Kitu cha namna hiyo kingeweza kuwa vitu viwili, na Daraja lisingeweza kumwambia ni kipi. Huenda ni utando juu ya gome, ngozi nyembamba ya kitu kisichopitisha umeme, na chini yake nyumba nzima na hai. Au ni uwazi ndani ya nguzo, kama ule wa Mzenga. La kwanza, akisema kata, ataua nyumba hai pamoja na vitovu vyake. La pili, akisema acha, atawazika watu na masufuria yao. Namba zilikuwa zile zile.

Akaipapasa nguzo. Ilikuwa kavu, laini, inang'aa. Mivule yote hung'aa. Ilinukia karafuu na liwa, lakini nyumba nzima ilinukia hivyo, mpaka wakataji walinukia hivyo.

Akawauliza wenye nyumba kama nguzo ilipakwa kitu chochote.

Wanawake wakatazama mchele. Bi Mwanamvua akatazama dari. Kisha kutoka kwenye mlango wa chumba cha ndani, uliokuwa umefungwa kwa kanga mbili, ikatoka sauti ya Bi Sikujua, somo aliyemfunda mwali, mwanamke mfupi mwenye heshima ndefu, akasema kwamba nguzo haijaguswa.

Nyamizi alimwomba Mapunda na watu wake watoke nje. Wakatoka. Akauliza tena, safari hii kwa upole, akieleza kwamba mambo mawili yanafanana na kwamba uhai wa nyumba umesimama juu ya jibu hilo. Bi Sikujua alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwambia, bila ubaya wowote, kwamba mambo ya chumba cha mwali ni ya chumba cha mwali, na kwamba yeye Nyamizi, pamoja na ujuzi wake wote, hakuchezwa unyago Uzaramoni. Nguzo haijaguswa.

Hapo Nyamizi alijua kuwa imeguswa. Lakini kujua kwa namna hiyo ndiko kulikompeleka Mahimbo kwenye maandazi. Hakuweza kuweka kidole juu ya macho yaliyoinama. Akangoja. Jua likapanda mpaka kivuli cha mlango kikaingia chini ya kizingiti, na Mapunda akakohoa nje, kikohozi cha mtu anayeona haya kukohoa.

"Basi nasema kata," alisema Nyamizi. Alisema kwa sauti iliyomshangaza mwenyewe kwa utulivu wake, akaenda mlangoni, akapanda kwenye kigoda, akanyoosha kidole kuelekea Kauli.

Kanga mbili zikafunguka.

Mwali haonekani kabla ya siku yake. Siwatu, mwali mwenyewe, alijitokeza mchana kweupe, kanga kichwani, mikono wazi, na kilichosikika ukumbini ni mchele uliomwagika kutoka kwenye ungo wa mtu. Nyumba hai hupitisha sauti; alikuwa amesikia kila neno.

"Somo, nisamehe," alisema. "Da Nyamizi, teremka. Nguzo tumeipaka singo, mimi na Bi Sikujua, kutoka chini mpaka pale mikono ilipofika."

Akaeleza kwa haraka, kama mtu anayekimbia kwenye maji kabla hajapoteza ujasiri. Nyumba inayotoa mwali nayo hufanyiwa singo, ndivyo walivyofundishwa wa kwao. Mwanamke hasuguliwi peke yake akaachwa mama yake aliyemlea ana mavumbi. Singo la Bi Sikujua lilikuwa la liwa, karafuu na mafuta ya nazi, na siri yake kubwa, ambayo sasa watu wote wamekwisha kuijua, ni nta ya nyuki, ndiyo inayofanya ngozi ing'ae bila kuchafua nguo.

Bi Sikujua alikuwa ameketi chini, mikono kichwani.

Nyamizi alishuka kigodani. Moyo wake ulitaka kuruka, akaukalisha. Binti anaweza kusema lolote ili nyumba ya kwao isikatwe. Hata yeye angesema. Neno si kipimo. Akaichomoa Kauli kutoka juu ya mlango pamoja na nyaya zake, akamwambia Siwatu anyooshe mkono, akabana vibati vyake juu ya ile ngozi iliyokuwa inang'aa kwa kusuguliwa.

Kauli ikafikiri. Ikawaka nyekundu. Ikasema kwa ile sauti yake ya upole ya kila siku, "Uhai haupo. Tafadhali ondokeni."

Siwatu akamgeukia bibi yake.

"Bibi, nimekufa."

"Mahari hairudi," alisema Bi Mwanamvua.

Kicheko kilichozuka kilimrudisha Mapunda ndani bila hodi. Watu walijigaragaza kwenye mchele. Mtu alimtikisa Siwatu bega akimpa pole ya msiba wake mwenyewe, na Bi Sikujua, ambaye alikuwa ameapa moyoni kutocheka tena maisha yake yote, alionekana akijifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Nyamizi alicheka nao, lakini si mpaka mwisho. Mkono wa Siwatu ulionyesha kwamba nta huweza kumfanya aliye hai aonekane maiti. Haukuonyesha kwamba nguzo haina pango. Akaomba maji ya moto, sabuni, na makumbi ya nazi.

Waliisugua nguzo wote. Wanawake walisugua chini, na wakataji, ambao walikuwa na ngazi, walisugua juu, kofia ngumu zao zikijaa povu. Bi Sikujua alisimama pembeni akiona kazi yake ya wiki nzima ikitiririka kuelekea mlangoni, akiwaelekeza hata hivyo waliosahau sehemu. Gome lilipofutwa likakauka, likaonekana la kawaida, kijivu, na mikunjo.

Vibati vikarudi. Kitambaa chenye maji. Kidude sikioni, mkono mfukoni.

Nyamizi alianza na mlio mnene, ule uliomwaibisha asubuhi. Kifundo cha pili akakishusha taratibu, kikashuka, kikashuka, kikakaribia sifuri, na hakukuwa na kitu kilichokaa sebuleni tena, si utando, si uwazi. Cha kwanza akakisogeza kwenye namba za mti mzee wenye afya. Mlio ukawa uzi. Uzi ukawa kumbukumbu ya uzi. Kisha kimya, kimya kizima kisicho na doa, na ndani ya kimya hicho alisikia damu yake mwenyewe ikipita sikioni. Alibaki akisikiliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa amekilipia kimya hicho.

"Acha," alisema, na akaweka kidole.

Watu walikaa chini, mmoja mmoja, pale pale walipokuwa. Bi Mwanamvua aliegemeza paji la uso kwenye nguzo yenye maji.

Mapunda ndiye aliyekuja kumsogelea Nyamizi wakati anakunja nyaya. Alisema kwa sauti yake ya chini kwamba ile nyumba ya Maneromango, waliyoikata baada ya mfungo, ilitoa maji msumeno ulipoingia. Mengi. Aliuliza, akaambiwa ni mvua iliyoingia kwenye nyufa. Na uani kwa nyumba hiyo, alisema, kulikuwa na turubai la harusi.

Wakatazamana. Nyamizi akatoka nje, akapiga simu ofisini, akataka misumeno yote ya wilaya isimame mpaka kila nguzo yenye nyekundu ioshwe kwanza. Upande wa pili wakamuuliza ni kwa idhini ya nani. Akasema kwa idhini ya kidole chake. Alijua ataitwa, na kwamba kuna siku atakaa mbele ya watu wa Maneromango akitafuta maneno ambayo hayapo. Atakwenda. Lakini leo misumeno ilikuwa inapakiwa garini ikiwa safi, na kule jikoni jiko lilikuwa limewashwa tena.

Ndani alikuta kesi inaendelea. Bi Sikujua alikuwa amekubali, baada ya kubembelezwa, kwamba siku hizi nguzo inaweza kuachiwa sehemu ya ukubwa wa kiganja bila singo, ili wapimaji wapate mahali pa kupimia. Hata mwali huachwa macho bila kupakwa. Kuhusu mtani aliyesababisha siri ya nta kutangazwa, hukumu ilikuwa imetoka akiwa nje: atatwanga liwa mpya mwenyewe, mwali apakwe upya, na asipewe wali mpaka amalize.

Nyamizi alitwanga. Alitwanga vibaya, akakosolewa kila pigo na akajibu kila ukosoaji, mpaka mwili ulipomkumbusha kwamba ulikuwa umebeba zaidi ya sanduku tangu asubuhi. Akasema anaegemea kidogo tu. Akaegemea nguzo, miguu mbele, mchi mapajani.

Ngoma zilipoingia alikuwa hasikii. Mpigaji mmoja akaweka kiti karibu yake akajaribisha ngozi, na Bi Mwanamvua akamzuia mkono. Alivua kanga yake ya juu, akamfunika Nyamizi mpaka kidevuni, akautengeneza mkunjo begani, lile bega la chini.

"Mtani wangu amelala," alisema. "Pigeni kule."